Anne na Radi za Aprili

Kwenye uwanja wa koleji kule Thamesmead, Landani, hapakuwa na mzazi aliyesifiwa kwa kupenda mpira kumshinda Anne, mama yake Dieumerci. Mechi zilichezwa Jumatano alasiri, saa ambazo wazazi wengine wako kazini au wamelala baada ya shifti ya usiku. Anne alikuwepo. Alisimama nyuma ya mstari mweupe, upande wa goli analodaka mwanawe, na chini ya koti alikuwa bado na sare yake ya kuhudumia wazee. Kocha Ulimboka, Mnyakyusa mwenye sauti ya kumwita mtu aliye kilima cha pili, alimtangaza kuwa mshabiki namba moja. Watu wakampigia makofi, naye akakipokea cheo hicho kwa tabasamu la aibu.

Aibu ilikuwa na sababu. Katika misimu miwili ya kusimama pale Anne hakuwa ameona bao hata moja. Watu wakishangilia, naye alishangilia. Wakiguna, naye aliguna, akichelewa kidogo kama mgeni kanisani asiyejua wimbo. Macho yake yalikuwa juu. Vijana walicheza mpira, yeye alilinda mawingu.

Alikuwa na haki yake. Kaka yake, Jean, alipigwa na radi uwanjani, kwenye shule ya misheni huko vilimani Walungu, Anne akiwa mtoto wa miaka tisa. Kwao Kivu mtu akifa kwa radi, watu hawaishii kulia. Wanauliza ni nani aliyeituma. Baba yake alimnyooshea kidole ndugu yake wa tumbo moja, na tangu siku hiyo nyumba mbili zilizokuwa zikila sahani moja hazikupeana tena hata chumvi. Ndiyo maana Anne alilifunga jambo hilo kifuani, akavuka nalo mipaka, akafika nalo Landani, na hakumwambia mtu. Picha ya Jean ilikuwa ukutani sebuleni, kijana mwembamba mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Dieumerci aliambiwa kwamba huyo ni mjomba wake, kwamba amefariki, basi.

Mwanzoni Landani ilimpa Anne amani. Mvua ya huku wakati wa baridi ni mvua bubu. Inanyesha kutwa bila kusema neno, inaloanisha mifupa, lakini haingurumi. Tena ina huruma yake, kwani ikizidi uwanja unageuka bwawa, refa anakuja, anakanyaga pale katikati, buti linazama, na mechi inaahirishwa. Dieumerci alinuna kila ilipoahirishwa. Mama yake alipika sombe, majani ya muhogo ya kwao, kama kuna sikukuu.

Kumbe mechi iliyoahirishwa haifi, inangoja. Januari na Februari zilipokwisha, mechi zote zilizozama kwenye maji ziliibuka Machi na Aprili, zikipangwa moja juu ya nyingine. Na huo ndio msimu wa kuchipua, ambao Waingereza wanausubiri kwa hamu kama ndugu anayerudi kutoka safari. Maua yanatoka, watu wanavua makoti, wanajuliana hali na jua. Lakini hewa ya joto ikikutana na ile baridi iliyokaidi kuondoka, ngurumo hutokea. Wazee aliowahudumia Anne walizifurahia, wakasema sasa mvua ni mvua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nyumbani kwake ngurumo ikisikika tu, vioo vilifunikwa vitenge, televisheni ikachomolewa, simu zikazimwa, na aliyevaa nguo nyekundu akaamriwa avue. Dieumerci alipochaguliwa kuwa golikipa na kupewa jezi nyekundu, Anne alimfuata Ulimboka hadi kwenye maegesho ya magari akamwomba rangi nyingine. Hakutoa sababu. Ulimboka alikuwa ameishi na watu wa kila aina, hakuuliza. Alichimbua begi akatoa jezi ya njano iliyopauka, na kijana akadakia hiyo.

Yote hayo yangepita kama vituko vya mama, lau si kisa cha mwaka uliotangulia. Ilikuwa Aprili vilevile. Mechi inaendelea, mbingu nzito, mara mngurumo mrefu ukatoka upande wa mto ulio jirani. Anne hakufikiri. Alivuka mstari, akakata kona ya uwanja mbio, akamshika Dieumerci mkono na kumvuta nje ya goli kama mtoto aliyekaribia jiko, mpira ukiwa upande wa pili. Ndipo ndege ikatokeza kwenye wingu, ndogo, nyeupe, imeacha uwanja wa ndege ulio ng'ambo ya mto, inapanda zake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini nani angewaambia vijana wale maneno hayo? Uwanja mzima ulicheka. Mmoja alirekodi, na mpaka jioni koleji yote ilikuwa imeona.

Dieumerci alikaa siku kadhaa bila kusema na mama yake isipokuwa kupitisha chumvi. Naye Ulimboka alikuja kwa adabu, kofia mkononi.

"Mama Dieumerci, mimi nakuheshimu sana," alisema. "Ila pale pana sheria. Safari ijayo ukivuka ule mstari, kijana nitamweka benchi, kipa ninaye mwingine. Sitakuwa na namna."

Anne aliapa mbele ya mwanawe, mkono juu ya Biblia, kwamba mguu wake hautavuka tena mstari. Akaapa kwa kweli. Lakini kuapa ni kwa mdomo, na hofu haikai mdomoni.

Sasa ilikuwa mwisho wa Aprili nyingine, na fainali ya vyuo ilikuwa imeahirishwa mara mbili, kwanza kwa maji, halafu kwa upepo uliong'oa nyavu. Ikapangwa Jumatano. Ilikuwa mechi ya mwisho ya Dieumerci pale koleji. Baada ya hapo ni mitihani, kisha kila mtu na njia yake. Kwa wiki nzima alilala na glovu chini ya mto, kijana wa miaka kumi na minane mwenye ndevu. Mama yake naye alilala na simu, na katika simu ile, kwenye utabiri wa hewa, kisanduku cha Jumatano, palikaa kiwingu cheusi chenye mshale wa manjano.

Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jumapili kanisani alisimama wakati watu wamekaa. Jumatatu alimtilia mzee mmoja sukari kwenye supu. Kila alipoingia chumba alisahau alichokifuata, na kila alipotoka alifungua tena simu kuangalia kama mshale ule umeondoka. Jumanne jioni alishindwa kuvumilia, akasimama mlangoni mwa chumba cha mwanawe.

"Dieumerci, na kama kesho bakiahirisha tena?"

"They won't, Mum."

"Niko nauliza tu. Hiyo ingine kipa, anaweza kudaka muzuri?"

Kijana aliinua macho taratibu. Alijibu kwa Kiingereza, bila ukali, kwamba anajua swali hilo linakokwenda. Kwamba kesho atacheza, na kama mama anaona ni kazi kuja, asije. Hilo la mwisho lilimuumiza Anne kuliko alivyotarajia. Alirudi jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alikwenda, bila shaka alikwenda. Alibadilishana shifti, akafika kabla ya wachezaji, akachagua mahali pake nyuma ya mstari. Karibu naye alikuja kusimama Dinah, Mkenya wa Nakuru ambaye mwanawe alicheza winga, mwanamke mcheshi asiyeweza kuona mtu amenyamaza akamwacha.

"Mama Dieumerci, leo unachimba shimo hapo," alisema Dinah. "Si utulie kidogo? Hata hawajaanza."

"Niko muzuri."

"Uko muzuri na umefunga koti vifungo vya upande upande."

Anne akafungua vifungo, akafunga tena vilevile vibaya.

Mechi ilianza chini ya anga ya kijivu iliyoning'inia kama godoro bovu. Hewa ilikuwa ya joto, nzito, na upepo ulikuwa umekufa kabisa, jambo ambalo Anne hakulipenda hata kidogo. Walifungwa bao, wakasawazisha. Haya aliyajua kwa sababu Dinah alimrukia shingoni. Kipindi cha pili kikaenda na kwenda. Ndege ziliruka kutoka ng'ambo ya mto, moja baada ya nyingine. Kila moja alingoja aione kwanza ndipo apumue.

Zilibaki dakika chache mngurumo mwingine ukaja. Anne alingoja ndege. Ndege haikuja.

"Ni ndege," Dinah akasema alipomwona sura. "Si unajua hiyo ni ndege tu."

Ncha za viatu vya Anne zilikuwa zimegusa chokaa ya mstari. Mwili wake wote uliinama mbele, na mikono ameikunja kifuani akijishika mwenyewe mabega. Aliapa. Mwanawe alikuwa golini, peke yake, katikati ya vyuma viwili vilivyosimama wima na kimoja kilicholala juu, na yeye mama mtu aliapa. Alitaja jina la Yesu kwa sauti ndogo, mara nyingi, bila kuomba chochote maalumu.

Kisha mbingu juu ya mto ikamemeta, na mngurumo wa pili ukafuata, wa karibu, usioweza kusingiziwa ndege. Refa alipuliza filimbi palepale. Alionyesha kwa mikono yote miwili: wote nje, kwenye jengo au kwenye magari, hakuna kusimama chini ya miti. Sheria ni sheria. Ulimboka aliwasukuma vijana mbele kama anayepeleka kuku bandani, na mvua ikaanza kwa matone makubwa.

Watu wakagawanyika. Dinah alimvuta Anne ndani ya gari lake, kiti cha nyuma, akakimbia kumtafuta mwanawe. Muda si muda mlango wa pili ukafunguliwa, Dieumerci akaingia amelowa, glovu mkononi, akaketi kando ya mama yake. Alikuwa anacheka.

"You didn't move," alisema. Alikuwa akimwangalia, na mama hakuvuka.

Anne alitaka kucheka naye, badala yake akaanza kutetemeka. Kijana aliacha kucheka. Alimuuliza kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia nadra na kwa uangalifu, kama sahani za wageni: "Mama, ju ya nini unaogopa vile?"

Nje mvua ilipiga paa la gari. Hapakuwa na pa kwenda wala chombo cha kuosha.

"Tonton yako Jean," Anne akasema. "Unajua alikufa namna gani?"

"Vita," Dieumerci alijibu mara moja. Alidhani hivyo maisha yake yote. Watoto wa Landani wenye wazazi wa Kivu wanadhani kila aliye kwenye picha ukutani alikufa vitani, na hakuna anayewasahihisha, kwa kuwa mara nyingi wanapatia.

"Hapana. Haikukuwa vita. Alikuwa anacheza mpira."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akianza katikati na kurudi nyuma, maana hakuwahi kuyapanga maneno hayo. Kwamba yeye alikuwa amekaa kwenye majani na shati la Jean mapajani. Kwamba mvua ilikuja na ngurumo, watoto wakakimbilia kwenye veranda ya shule, wakaimba, wakasukumana. Kwamba mvua ilikatika, jua likatoka, mapadri wakasema tumalize mchezo. Jean akarudi uwanjani anaruka madimbwi. Mbingu ilikuwa nyeupe, safi, haina hata wingu juu ya vichwa vyao.

"Njo pale ikampiga," Anne alisema. "Mvua ilikuwa imekwisha."

Dieumerci alizitazama glovu zake, akaziweka sakafuni, taratibu, kama vitu vya mtu mwingine.

Mvua ya Landani nayo ikakatika. Walingoja pamoja wakisikiliza, na ngurumo haikurudi. Walingoja nusu saa yote ile ambayo refa anatakiwa kuihesabu tangu ngurumo ya mwisho, na haikurudi. Upande wa magharibi mwanga ukapasua, majani yakametameta. Filimbi ikaita. Ulimboka alitoka kwenye jengo akipiga makofi, akiwaita vijana wake mmoja mmoja kwa majina, wakatoka wakirukaruka.

"Mama, sitaenda," Dieumerci akasema. "Nabakia hapa na weye."

Hapo ndipo Anne alipopewa mkononi kile alichokuwa anakiomba misimu miwili. Hakuna aliyemwomba avuke mstari. Hakuna kiapo kilichovunjwa. Kipa mwingine yupo, anapasha misuli. Mwanawe yuko ndani ya gari, mkavu nusu, hai, na mlango umefungwa.

Akamgeukia amshukuru Mungu kwa kumtazama uso, na akaona kwamba kijana hatazami uwanja. Anatazama juu. Shingo ameipinda dirishani, macho yanatafuta yakipita wingu hadi wingu. Anne aliijua sura hiyo. Alikuwa ameibeba yeye kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuwahi kuiona kwa nje. Ilikuwa mbaya. Ilimkaa kijana vibaya sana, kama koti la marehemu.

Hasira zikampanda, hasira hasa, na hakujua ni za nani. Za radi, pengine.

"Dieumerci. Twaa magant yako," akasema, akizisogeza glovu kwa mguu.

"Mama..."

"Twaa. Jean alienda kucheza ju alipenda kucheza. Hakuna mutu alimutuma, hakuna mutu alimuroga. Ilikuwa radi tu." Hakuwahi kulisema hilo hata moyoni, na lilimshangaza. "Na weye si Jean. Enda. Kocha yako anakuita."

"Na kama ikinguruma?"

"Refa ana masikio. Enda, mwana wangu."

Akafungua mlango mwenyewe, upande wa kijana, kwa kunyoosha mkono juu ya magoti yake. Dieumerci alimtazama kidogo, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akambusu kwenye kilemba, akakimbia. Anne alibaki kidogo ndani ya gari. Kisha akatoka, akaenda kusimama kwa Dinah.

"Sasa," alisema, "unieleze. Banafanya nini?"

Dinah akamtazama kama aliyesikia padri akiuliza msalaba ni nini. Lakini ni mwanamke mwema, akaeleza. Zile dakika zilizobaki ziliisha bila bao, kwa hiyo sasa ni mikwaju ya penalti. Mmoja anapiga, kipa anazuia, hivyo hivyo kwa zamu, anayekosa kakosa. Anne alisikiliza kwa makini. Juu ya kichwa chake palikuwa na mawingu ya kila aina, na yalimvuta shingo kama mtu anayemwita kwa nyuma. Mara mbili kidevu kilianza kupanda. Mara mbili alikishusha.

Aliuona mpira. Ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani, umechafuka matope. Alimwona mwanawe akitanua mikono, akayumba kulia na kushoto, akaruka na kuupangua mmoja kwa ncha za vidole, na sauti iliyomtoka Anne ilimfanya Dinah azibe sikio. Hakujua kwamba mtoto wake anaweza kuruka vile. Misimu miwili alikuwa akiruka vile, siku zote mbele ya macho yake. Majuto yalimchoma, lakini hayakupata nafasi, kwa kuwa mpigaji mwingine alikuwa ameshaweka mpira chini.

Wenzake Dieumerci walikosa miwili, ikafika zamu ya mwisho. Mchezaji wa kule akapiga chini, pembeni. Dieumerci alikwenda upande wenyewe, akajinyoosha wote, mpira ukapita chini ya kiganja chake ukaingia wavuni. Wa upande wa pili wakakimbia wakirundikana. Vijana wa Ulimboka wakakaa chini walipokuwa wamesimama. Golini yule wa jezi ya njano alibaki amelala kifudifudi kwenye matope, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Mechi ilikuwa imekwisha. Anne alimtazama Ulimboka, Ulimboka akaitikia kwa kichwa. Akavuka mstari akitembea, viatu vya kazi vikizama, akapiga magoti pale golini, akamgeuza mwanawe na kumweka kichwa mapajani. Dieumerci alilia kwa sauti, bila kuona haya, akisema kwa lugha zote mbili kwamba aliugusa, mama, aliugusa, ulikuwa wake.

"Nimeona," Anne alimwambia. "Uliugusa."

Alimfuta matope usoni kwa ncha ya kilemba. Katika ukoo wao alikuwa ameona watu wakilia kwa radi, kwa vita, kwa ndugu waliofukuzana, kwa makaburi waliyoyaacha bila wa kuyapalilia. Huyu alikuwa analia kwa sababu ya mpira. Anne alimshikilia, akaona furaha inampanda mpaka ikamtoa machozi naye, na watu waliokuwa wakipita wakadhani mshabiki namba moja ameumia kwa kufungwa.